Mkulima na Upinde Wake: Habari za Wapiga Mishale wa Uingereza

Mnamo mwaka 1363 Mfalme Edward wa Tatu wa Uingereza aliwaandikia wakuu wa majimbo yake barua kali. Alisema kwamba amepata habari za kumsikitisha: watu wameacha kujizoeza upinde na mishale, na siku za sikukuu wanapoteza wakati wao kwa mpira wa miguu, mpira wa mkono, kutupa mawe na kupiganisha majogoo. Basi aliamuru kwamba kila mwanamume mwenye afya, siku ya sikukuu apatapo nafasi, ashike upinde ajizoeze kulenga shabaha; naye atakayeendelea na michezo ile isiyo na faida atiwe gerezani.

Huenda msomaji akacheka, hasa akiwa ni mpenzi wa mpira. Lakini mfalme huyo hakuwa mtu wa kufanya mzaha. Alikuwa amekwisha kuona katika vita vya Ufaransa kwamba ufalme wake unategemea mabega ya wakulima. Tena alijua jambo ambalo hata mfalme hawezi kuligeuza kwa amri, kwamba upinde waweza kununuliwa kwa siku moja, lakini mpiga upinde hukuzwa kwa miaka kumi na zaidi.

Upinde wenyewe ulikuwa kitu rahisi kukitazama. Ulichongwa katika mti uitwao yuu, mti wa nchi za baridi ambao hukua polepole sana, hauanguki majani wakati wa baridi, na majani yake ni sumu kwa ng'ombe. Mti huu una namna mbili za ubao. Ule wa nje, karibu na gome, ni mweupe na huvumilia kunyoshwa. Ule wa ndani ni mwekundu na huvumilia kubanwa. Fundi aliukata mti ili ubao wa namna zote mbili uwemo katika fimbo moja, mweupe ukielekea kwa adui na mwekundu ukielekea kwa mwenye upinde. Hivyo sehemu moja iliponyoka nyingine ilibanwa, na kila moja ilifanya kazi iliyoiweza. Urefu wake ulizidi kimo cha mtu, yaani futi 6 na zaidi. Mshale ulikuwa na urefu wa karibu inchi 30, una manyoya ya bata bukini nyuma na chembe ya chuma mbele. Mishale 24 ilifungwa pamoja ikaitwa mganda mmoja.

Hayo yote fundi aliweza kuyafanya. Ugumu ulikuwa katika kuuvuta. Pinde za vita zilitaka nguvu ya ratili 100 na zaidi, na nyingine zilifika ratili 160 au kupita. Mwenye shamba ataelewa nikisema kwamba ratili 100 ni kama nusu ya gunia la mahindi. Basi fikiri kuivuta nusu ya gunia kwa vidole mpaka sikioni, huku mkono wa pili umenyoka mbele bila kutetemeka, na kufanya hivyo tena na tena. Mtu hodari aliweza kupiga mishale kumi katika dakika moja, ingawa hakuna mwenye mwili wa nyama awezaye kuendelea hivyo kwa muda mrefu. Na shabaha haikuwa karibu. Sheria ya Mfalme Henry wa Nane ya mwaka 1541 ilimkataza mtu aliyetimiza miaka 24 kujizoeza kwa kulenga shabaha iliyo karibu kuliko yadi 220.

Nguvu ya namna hiyo haipatikani kwa mtu aliyekwisha kuwa mzima. Hugh Latimer, aliyekuwa mhubiri mashuhuri, aliueleza mwaka 1549 mbele ya Mfalme Edward wa Sita jinsi alivyolelewa. Baba yake alikuwa mkulima katika jimbo la Leicester, hana ardhi yake mwenyewe ila aliyoikodi. Alikuwa na malisho ya kondoo 100, na mama yake alikama ng'ombe 30. Baba huyo alimfundisha mwanawe namna ya kusimama na namna ya kuuegemea upinde kwa uzito wa mwili wote, si kuvuta kwa mikono peke yake kama wafanyavyo watu wa mataifa mengine. Alimnunulia upinde uliolingana na umri wake, na kila alipokua alinunuliwa mwingine ulio mkubwa zaidi. Hivyo mtoto na upinde walikua pamoja.

Wasomaji wa pwani na wa upande wa Tsavo hawatashangaa sana kwa habari hii. Wazee wa Waata, ambao wengine wamezoea kuwaita Waliangulu, walikuwa na pinde za kuwindia tembo ambazo nazo zilitaka nguvu ya zaidi ya ratili 100, na wageni waliojaribu kuzivuta waliona haya. Lakini Mwata alitia sumu ya mti katika mshale wake, na sumu ndiyo iliyomaliza kazi. Mwingereza hakutumia sumu. Alitegemea mkono wake na uzito wa mshale, naye aliyempiga hakuwa mnyama bali mtu aliyevaa chuma.

Waingereza wenyewe walijifunza thamani ya upinde kwa kupigwa nao. Padre mmoja, Gerald wa Wales, alipozunguka nchi hiyo mwaka 1188 alisikia habari za mishale iliyopenya mlango wa ngome ya Abergavenny, mlango wa mti mgumu wenye unene wa karibu kiganja cha mkono. Aliandika pia habari za askari mmoja aliyepigwa mshale ukapenya vazi lake la chuma, ukapita pajani, ukapita katika tandiko, ukamuua farasi aliyempanda. Karibu miaka mia baadaye Mfalme Edward wa Kwanza aliishinda Wales, na badala ya kuwanyang'anya watu wale pinde zao akawaandika katika jeshi lake kwa mshahara. Hilo nadhani lilikuwa shauri la akili kuliko vita vyenyewe.

Sasa tufike Ufaransa. Tarehe 26 Agosti 1346, karibu na kijiji cha Crécy, Edward wa Tatu alisimama juu ya mteremko na jeshi lililochoka kwa mwendo mrefu. Mfalme Philip wa Sita wa Ufaransa alimfuata na jeshi kubwa zaidi, lenye mabwana wengi wapanda farasi, waliofunikwa kwa deraya za chuma. Mbele yao waliwekwa askari wa kukodiwa kutoka Genoa katika Italia, mabingwa wa upinde wa mtambo. Upinde huo ni mfupi, umefungwa juu ya gogo lililochongwa kama kitako cha bunduki. Una nguvu nyingi na mtu hujifunza kuutumia upesi, lakini huchukua muda kuukaza tena. Kwa sababu hiyo watu wa Genoa walikuwa na ngao kubwa za kujificha nyuma yake wakati wa kukaza. Siku hiyo ngao zilikuwa zimeachwa nyuma pamoja na mizigo.

Walikuwa wametembea mchana kutwa, na mvua ya ghafula ilikuwa imenyesha. Walitaka kungoja mpaka asubuhi, lakini hawakupewa nafasi. Walipokaribia, wakulima wa Uingereza na wa Wales walipiga hatua moja mbele wakaachilia mishale, na mtu mmoja aliyeandika habari za vita hivyo aliifananisha na theluji inayoanguka. Watu wa Genoa, bila ngao, walirudi nyuma. Ndipo mabwana wa Ufaransa walipoona kwamba watu hao ni waoga au wasaliti, wakaamua kupita juu yao kwa farasi. Hivyo askari waliowakodi kwa fedha zao wenyewe wakakanyagwa na farasi zao wenyewe, huku mishale ikiendelea kunyesha juu ya wote. Mara kwa mara mabwana hao walipanda mteremko, mpaka giza likaingia. Mfalme John wa Bohemia, aliyekuwa kipofu, aliomba aongozwe mpaka mahali pa vita ili apige walau dharuba moja. Wenzake walifunga hatamu za farasi zao pamoja na za farasi wake, na wakafa pamoja. Mabwana zaidi ya 1,000 walilala pale. Waliowaangusha hawakuwa na majina makubwa wala nembo juu ya ngao, na wengi wao walilipwa peni tatu kwa siku.

Miaka kumi baadaye, karibu na Poitiers, wapiga upinde waliona kwamba farasi za Wafaransa zimefunikwa chuma kifuani. Wakahamia kando wakazipiga ubavuni na nyuma. Mfalme wa Ufaransa mwenyewe alitekwa siku hiyo.

Mtu atauliza: kama siri ilikuwa hiyo, mbona Wafaransa hawakuwafundisha wakulima wao? Walijaribu. Jean Juvénal des Ursins, Mfaransa aliyeandika historia ya zamani zile, anasema kwamba michezo ya bahati ilikatazwa ili watu wajizoeze upinde, na kwa muda mfupi wakawa hodari sana. Ndipo wakubwa waliposhtuka. Walihofu kwamba watu hawa wakikusanyika pamoja watakuwa na nguvu kuliko mabwana wao, na mazoezi yakakomeshwa.

Wala hofu yao haikuwa ya bure, kwa maana Uingereza ilikwisha kuona jambo hilo. Mwaka 1381 serikali ilitoza kodi ya kichwa kwa mara ya tatu katika miaka michache, na safari hii ilikuwa shilingi moja kwa kila mtu. Wakulima wa Kent na Essex waliinuka wakaingia London, na wengi wao walikuwa na zile pinde ambazo wafalme waliwaamuru wazishike. Mfalme Richard wa Pili alikuwa kijana wa miaka 14. Alikutana nao uwanjani Smithfield, na kiongozi wao, Wat Tyler, alipopigwa upanga mbele ya macho yao, wakulima wakavuta pinde zao. Kwa muda mfupi hatima ya ufalme ilikuwa katika vidole vyao. Kijana yule alipanda farasi akawaendea peke yake, akawaambia kwamba yeye ndiye kiongozi wao, wamfuate. Wakateremsha pinde, wakamfuata. Ahadi alizokuwa amewapa zilivunjwa baadaye, na wengi waliuawa.

Tuendelee na vita vya wafalme. Mwaka 1403, huko Shrewsbury, Waingereza walipigana wao kwa wao, na pande zote mbili zilikuwa na wapiga upinde. Mwana wa mfalme, kijana wa miaka 16, alipigwa mshale usoni kando ya pua. Uti ulitolewa, lakini chembe ilibaki ndani inchi 6, nyuma ya mifupa ya uso. Mganga mmoja, John Bradmore, alitengeneza chombo chembamba cha chuma chenye parafujo, akalipanua jeraha polepole kwa vijiti vilivyozungushiwa kitambaa na kupakwa asali, kisha akaiingiza parafujo ndani ya chembe akaitoa. Jeraha alilisafisha kwa mvinyo, na baada ya siku 20 hivi lilikuwa limepona vizuri. Kijana huyo ndiye aliyekuwa Mfalme Henry wa Tano. Nadhani hapakuwa na mfalme aliyejua kazi ya mshale kuliko yeye.

Mwaka 1415 Henry alivuka bahari akauzingira mji wa Harfleur mpaka ukasalimu. Lakini ugonjwa wa kuhara damu uliingia katika jeshi, na askari waliobaki walitembea kwa njaa na mvua kuelekea Calais. Karibu na Agincourt, Wafaransa waliwaziba njia. Wengi kabisa katika jeshi la Henry, pengine watu 5,000, walikuwa wapiga upinde, na wengine wao bado walikuwa wagonjwa. Mshahara wao ulikuwa peni 6 kwa siku, nusu ya mshahara wa askari mwenye deraya kamili. Makarani waliziandika hesabu hizo kwa uangalifu, na orodha kadhaa zimehifadhiwa mpaka leo, kila mpiga upinde na jina lake. Watu wengi waliokufa kwa ajili ya wafalme hawakupata hata hilo.

Tarehe 25 Oktoba, asubuhi, majeshi yalitazamana katika shamba kati ya misitu miwili. Hapa naomba wenye mashamba wasikilize vizuri, maana jambo hili watalielewa kuliko majemadari. Shamba lile lilikuwa limelimwa karibuni kwa kupandwa ngano, na mvua ilinyesha usiku kucha. Kila msomaji aliyevuka shamba lililotifuliwa baada ya mvua anajua jinsi udongo unavyoshika mguu. Sasa amtazame mtu aliyevaa chuma kutoka utosini hadi unyayoni, akivuka udongo huo, na nyuma yake maelfu wakimsukuma.

Wapiga upinde wa Henry walichoma ardhini magogo yaliyochongwa ncha, yakiwaelekea farasi. Mzee mmoja, Sir Thomas Erpingham, alirusha fimbo yake juu kuwa ishara, na mishale ikaruka. Wapanda farasi wa Ufaransa walishambulia ubavuni; farasi zilijeruhiwa zikageuka, zikawakanyaga watu wao waliokuwa wakija kwa miguu. Yafaa tuseme kweli hapa. Deraya nzuri ya kifuani ya wakati huo haikupenywa na mshale kwa urahisi. Majaribio yaliyofanywa mwaka 2019 kwa upinde wenye nguvu na deraya iliyotengenezwa kwa mfano wa zile za kale yalionyesha mshale ukivunjika juu ya bamba la chuma. Lakini mtu si kifua tu. Kuna uso, kuna kwapa, kuna viungo, na kuna farasi. Na mtu anayeinamisha kichwa ili mshale usimwingie machoni hawezi kupumua vema wala kuona aendako.

Walifika wamechoka, wamesongamana hata mkono hauwezi kuinua upanga. Mishale ilipokwisha, wapiga upinde walitupa pinde zao wakachukua mashoka, visu na nyundo, wakawaingilia. Mkulima asiye na deraya alikuwa mwepesi katika matope, na bwana aliyeanguka hakuweza kuinuka. Hayo ni matendo ya ushujaa. Kilichofuata si ushujaa. Mateka walikuwa wengi sana, na Henry, akihofu shambulio jipya kutoka nyuma, aliamuru wauawe. Mabwana wake walisita, kwa kuwa mateka tajiri ni fedha ya fidia. Basi kazi ikapewa wapiga upinde, nao wakaifanya. Wafaransa waliokufa siku hiyo walihesabiwa kwa maelfu.

Vita vya namna hii vilikula mali nyingi. Mwaka 1417 Henry aliamuru kwamba kila bata bukini katika majimbo mengi ya Uingereza atolewe manyoya 6 ya bawa kwa ajili ya mishale. Miti ya yuu iliyo mizuri ilitoka nchi za mbali, hasa Italia na Hispania, na sheria ya mwaka 1472 ililazimisha meli za wafanya biashara kuleta fimbo za pinde pamoja na shehena yao. Hivyo mfalme aliweza kupata manyoya na kupata miti. Watu ndio waliokuwa shida. Sheria za kuwahimiza wajizoeze zilitolewa tena na tena kwa muda wa miaka 200, na sheria inayotolewa tena na tena ni dalili kwamba watu hawaifuati.

Mwisho wa Vita vya Miaka Mia ulikuwa Castillon, mwaka 1453, ambapo mizinga ya Wafaransa ililivunja jeshi la Waingereza na jemadari wao mzee, John Talbot, akauawa. Hata hivyo upinde haukufa siku hiyo. Bunduki za kwanza zilikuwa nzito, za polepole, na baruti ikilowa haina kazi. Katika mwaka 1590 Sir John Smythe alichapisha kitabu akidai kwamba upinde bado ni bora. Alijibiwa na watu waliokuwa vitani, akiwamo Sir Roger Williams. Hoja yao ilikuwa rahisi, nami naona ilikuwa ya kweli. Mpiga upinde ana nguvu siku atokapo nyumbani. Lakini baada ya miezi ya kulala nje kwa baridi na chakula kibaya, mkono wake hulegea na mshale wake hauendi. Bunduki haijui kama aliyeishika ana njaa. Tena kijana aliyechukuliwa shambani huweza kufundishwa bunduki kwa muda wa majuma machache, hata kama baba yake hakumnunulia upinde alipokuwa mtoto. Mwaka 1595 serikali ya Malkia Elizabeth wa Kwanza iliamuru kwamba wapiga upinde wasiandikwe tena katika vikosi vya majimbo, nafasi zao zishikwe na wenye bunduki.

Kwa miaka mingi hapakuwa na mtu aliyeweza kusema kwa hakika pinde zile zilikuwaje, maana fimbo ya mti huoza na kusahauliwa. Lakini tarehe 19 Julai 1545 meli ya vita ya Mfalme Henry wa Nane, iitwayo Mary Rose, ilizama karibu na Portsmouth pamoja na watu wake, na matope ya bahari yakaifunika. Ilipoinuliwa mwaka 1982, zilikuwa zimekwisha kupatikana ndani yake pinde nzima 137 na mishale zaidi ya 3,500, mingine ikiwa bado katika masanduku yake. Ndipo watu walipopima na kujua uzito wa kuzivuta.

Ilipatikana na mifupa ya watu. Walioichunguza waliona kwamba katika wengi kuliko ilivyo kawaida, ncha ya mfupa wa bega, ambayo kwa kijana hushikana na kuwa mfupa mmoja, haikushikana kamwe. Wanadhani hao walikuwa wapiga upinde, walioanza kuvuta kamba tangu utotoni, kabla mifupa yao haijakomaa. Pinde zilizochongwa kwa vipimo vya zile za meli hiyo zimetengenezwa tena, na wako watu wachache, waliojizoeza kwa miaka mingi, wawezao kuzivuta mpaka sikioni.